Kumsemea Mtu

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, kila aliyelala mkoani Simiyu alihesabiwa, na karibu kila aliyehesabiwa alisemewa na mwingine. Ndivyo sensa inavyokwenda. Karani anafika na kishikwambi chake, anapewa kigoda chini ya mti, anamuuliza mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya anajibu kwa niaba ya wote: mke, mama yake mzazi, watoto, wajukuu, kijana wa kuchunga. Mkoa ukapata watu 2,140,497. Msukuma wa zamani hamtajii mgeni idadi ya ng'ombe wake. Watu anataja.

Katika maswali yale yalikuwamo ya ulemavu: je, fulani anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Chukulia kaya moja ya Itilima yenye kijana wa miaka 24. Anachunga vizuri kuliko ndugu zake wote na hajawahi kupoteza ndama. Hasalimii mtu. Hali ugali uliogusana na mboga. Akibadilishiwa njia ya kwenda malishoni hukaa chini, akajipiga kichwani kwa viganja mpaka arudishwe kwenye njia yake. Karani anauliza, mkuu wa kaya anatazama zizini, anasema: huyo mzima, mkimya tu. Kishikwambi kinapokea, kinahamia kwa anayefuata.

Simlaumu mkuu wa kaya. Hakudanganya. Ila kijana ametoka kwenye hesabu ya watu wenye usonji, yaani autism, bila ya kuulizwa, kama ambavyo angeweza kuingizwa bila ya kuulizwa.

Kitenzi kusemea kina sura mbili, na aliyelelewa kwa Kiswahili anazijua zote mbili tangu utotoni. Wakili humsemea mteja wake mahakamani. Mtoto naye, akimfuma kaka yake anaramba sukari jikoni, hutishia: nitakusemea kwa mama. Kitenzi ni kilekile, iwe mtu anatetewa au anachongewa, na kuna nyakati anayetendewa yote mawili ni mtu mmoja, kwa pumzi moja. Mzazi anayesimama mbele ya watu na kueleza kwamba mwanawe anahitaji shule, na ili wamwamini akaeleza pia kwamba mwanawe hujisaidia popote, amemsemea kwa maana zote mbili. Sioni mahali pengine pa kuanzia mjadala wa nani awasemee watu wenye usonji.

Ugomvi wenyewe uliiva mbali na huku. Wazazi wa Uingereza waliunda chama chao mwaka 1962, wa Marekani mwaka 1965, enzi ambazo mabingwa walikuwa wakifundisha kwamba mtoto huwa hivyo kwa sababu mama yake hana joto la upendo. Kwa hiyo wazazi walipofungua vinywa, mtu wa kwanza waliyemtetea alikuwa mama. Waliwashinda mabingwa, wakapata shule, wakapata sheria. Halafu watoto wakakua, na baadhi yao wakajua kuandika na kujibu. Mwaka 1993, kwenye mkutano wa Toronto, Jim Sinclair, ambaye mwenyewe ana usonji, aliwaambia wazazi kwamba msiba wanaoulilia ni wa mtoto waliyemtarajia na ambaye hakuzaliwa. Huyu aliyezaliwa yu hai, na kilio chao anakisikia.

Mwaka 2005 likaja shirika kubwa kuliko yote, Autism Speaks, jina ambalo maana yake ni kwamba usonji unasema. Ulisema kwa kinywa cha babu na bibi: Bob Wright, mkuu wa televisheni ya NBC, na mkewe Suzanne. Desemba 2007 kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha New York kilitoa matangazo yaliyoandikwa kama barua za watekaji nyara, kwamba tunaye mwanao, na mtekaji akawa ni usonji. Ari Ne'eman, kijana mwenye usonji aliyekuwa na miaka kama 20, pamoja na chama chake kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, walikusanya malalamiko kila upande, na kabla ya mwezi kwisha matangazo yaliondolewa. Miaka miwili baadaye Rais Obama akampendekeza Ne'eman kwenye baraza la taifa la ulemavu. Hapo wazazi wengine wakainuka nao: wewe unayevaa tai na kuhutubia, unamsemeaje mwanangu wa miaka 30 asiyetamka neno na anayejiuma mikono mpaka damu itoke? Mwaka 2019 wazazi wa namna hiyo waliunda baraza lao Marekani. Swali lao si la kijinga, na sijaona aliyelijibu vizuri. Anayejua kusema hafanani na asiyejua eti kwa kuwa daktari amewaandikia neno moja.

Huo ndio ugomvi kama unavyoletwa kwetu, umefungwa tayari kama mtumba: wazazi upande huu, wenye usonji wenyewe upande ule, chagua. Shida ni kwamba ukiufungulia Bariadi, mkoani Simiyu, nusu ya nguo hazimo.

Tuanze na neno. Usonji bado ni neno geni huku. Kenya na pwani utasikia pia tawahudi, lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya kujitenga peke yako. Mitaani Bariadi mtoto kama huyo ataitwa bubu, au zezeta, au atasemwa amedekezwa, au ana mtindio wa ubongo, jina la hali nyingine kabisa inayoathiri viungo na misuli ambalo kwetu limegeuka gunia la kutilia kila mtoto asiyefanana na wenzake. Wengine watasema mtu kamtupia kitu. Kutoka kwenye gunia hilo mpaka kwenye neno usonji kuna safari ya kweli, ya nauli. Unatoka Bariadi, unapita zaidi ya kilomita 70 za lami mpaka Lamadi, unageuka kuelekea Mwanza, hospitali ya Bugando, ukiwa na mtoto asiyevumilia honi, na ukifika unaweza kupewa tarehe ya kurudi. Madaktari wa akili za watoto nchi nzima wanahesabika. Anayekwenda na kurudi mara nne mpaka apate jina la kitu alichonacho mwanawe ni mama, na nauli aghalabu ni yake.

Matokeo yake ni kwamba wenye usonji wanaojulikana Simiyu karibu wote ni watoto, na wengi wa watu wazima hawajui kuwa wao ni nani kwa hesabu ya daktari. Ne'eman wa Bariadi, kama yupo, yuko nyuma ya ng'ombe, au ni fundi redio asiyetazama mteja usoni, au ni binti aliyerudishwa kwao baada ya ndoa ya miezi mitano kwa kosa la kutocheka na mawifi. Ninajizuia kuwataja kuwa wana usonji. Ningekuwa nafanya yaleyale ya mkuu wa kaya, kinyume chake tu. Ninachosema ni kwamba mama wa Bariadi anapomsemea mwanawe hakuna mtu mzima mwenye usonji anayesimama kumwambia hapana, mama, sivyo tunavyojisikia.

Nenda kwenye vyama. Shirikisho letu, SHIVYAWATA, linakusanya vyama vya kitaifa vya kila aina ya ulemavu. Anaposimama mtu wa Chama cha Wasioona, kilichoanza mwaka 1964, haoni. Anaposimama mtu wa CHAVITA, chama cha viziwi, ni kiziwi, na mkalimani yuko pembeni. Wa Chama cha Albino, kilichoanza mwaka 1978, utamjua kabla hajajitambulisha. Ikifika zamu ya usonji, kinachowakilisha ni NAP-T, chama cha kitaifa cha usonji, na nguvu ya NAP-T ni wazazi. Taasisi zilizozaliwa karibuni Dar es Salaam, kama Lukiza, nazo zimetoka tumboni mwa kina mama. Kenya ni hivyo hivyo: Autism Society of Kenya ni ya wazazi tangu mwaka 2003. Hata kauli ya harakati nzima, kwamba lolote linalowahusu wenye ulemavu lisifanyike bila wao, kwenye kiti hiki cha usonji husomwa na mtu ambaye si mmoja wao.

Umoja wa Mataifa uliona tatizo hili. Kamati inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka uliofuata, ilitoa maoni mwaka 2018 ikitenganisha vyama vya watu wenye ulemavu na vyama vya kuwahudumia. Vyama vya wazazi ikaviachia mlango wazi kwa sharti: kazi ya mzazi ni kumsaidia mwenye ulemavu apate kauli yake na aishike mwenyewe. Ni sharti zuri. Nimelitafuta likitajwa kwenye vikao vya halmashauri na bado nalitafuta.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Aprili, nilikaa kwenye ukumbi mmoja mjini Bariadi. Aprili 2 ndiyo siku ya usonji duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, na sherehe zake hufuata pale bajeti inapofunguka. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu, jambo ambalo kwa viwango vyetu ni kuwahi. Mbele walikaa walioalikwa kwa barua. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, walikaa kina mama saba na watoto wao, ambao waliitwa kwa simu usiku wa jana yake ili walengwa wawepo. Mmoja alikuwa na kijana wa miaka 17 hivi, mrefu, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni. Spika mbili kubwa za kukodi zilikuwa zikipiga muziki wa kumsubiri mgeni.

Hotuba ilipofika ukurasa wa pili kijana aliinuka, akatembea pembeni mwa ukuta bila ya kugusana na mtu, akainama, akachomoa waya wa spika, akarudi kukaa. Alifanya kwa utulivu kabisa. Kwa sekunde kadhaa ukumbi ulikuwa kimya, na nikiri kwamba zilikuwa sekunde nzuri kuliko zote za siku ile. Kisha mshereheshaji akapata akili: "Tumpigie makofi, anatusalimia!" Makofi yakaja. Kijana akaziba masikio.

Mama yake akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwanawe hataki kelele, na kwamba aliwaambia tangu asubuhi. Mgeni rasmi hakuwa mtu wa huku. Akamwinamia afisa aliyekaa jirani yake kuuliza mama amesema nini. Afisa akasema, "Mama anaomba radhi kwa usumbufu." Mgeni rasmi akatabasamu kwa upole, akasema asijali. Waya ukarudishwa.

Mimi niliyekulia upande wa Maswa nilimsikia mama yule vizuri. Hakuomba radhi ya kitu chochote.

Hesabu vinywa. Kijana alisema kwa mkono wake jambo moja lililo wazi. Mama akalitia kwenye Kisukuma bila ya kuliongeza wala kulipunguza. Afisa akalipeleka kwenye Kiswahili likiwa limegeuka kuwa kinyume chake. Kutoka pale likaenda kwenye taarifa, na taarifa za namna hii zina sentensi moja isiyokufa, kwamba walengwa walishiriki kikamilifu, halafu mtu akaiweka kwenye Kiingereza kwa ajili ya mfadhili. Katika mlolongo huo, ni kiungo kipi kilichomwibia kijana kauli yake? Anayesoma vitabu vya ng'ambo atajibu haraka kwamba ni mama, maana huko ndiko wanakoelekezwa kutazama. Pale ukumbini mama ndiye kinywa pekee kilichopeleka ujumbe ukiwa mzima.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaotaka kina mama wanyamaze ili wenye usonji wasikike. Marekani huenda ikawa hivyo. Mama akiachia kipaza sauti, yupo Ne'eman wa kukishika. Bariadi ukimnyang'anya mama kipaza sauti kinarudi kwa mgeni rasmi. Na mama mwenyewe ndiyo kwanza amekipata. Nyumbani kwake mkuu wa kaya ni mwingine. Ukoo umeshamwambia kwamba kwao ndiko kulikotoka hilo tatizo, na si mara moja au mbili baba wa mtoto amekwenda kutafuta maisha Kahama na maisha hayo yakampata huko. Mwanamke wa namna hii ukimwambia kwamba anasikika kupita kiasi atadhani unamtania.

Lakini siwezi kuishia kwenye kumsifu mama, kwa sababu watu wa mkoa huu wana historia yao ya kusemewa na mtu wa kwao, na historia hiyo ina sehemu ya pili.

Mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, kabla ya uhuru, alifika kwa mnunuzi na mzigo wake kichwani na kusomewa uzito na mtu mwenye mizani. Hakujua kuisoma. Alichojua ni kwamba mzigo aliouinua na mkewe asubuhi ulikuwa mzito kuliko namba aliyotajiwa. Jibu la wakulima lilikuwa la akili: wakaweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kwao wanaojua namba, wasimame penye mizani na kuangalia kwa niaba yao. Katika vuguvugu hilo ndimo Paul Bomani alimofanyia kazi, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi Afrika. Msemaji alikuwa ametoka kwa wasemewa. Kila kitu kilikuwa sawa.

Miaka 10 tu ilitosha. Malalamiko yakawa yaleyale, ila sasa mizani ilikuwa ya ushirika. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa tuhuma za wizi, upendeleo na uendeshaji mbovu, na mwaka 1968 VFCU ikawa imekwisha, ikazaliwa Nyanza mahali pake. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa vyote, na mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Leo mkulima wa Bariadi ana AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika, na chama kikuu cha mkoa, na ukitaka kumwudhi muulize nani anamsemea.

Kosa la wapimaji halikuwa kusimama penye mizani. Kwanza walisimama pale kwa sababu mkulima hakujua kuisoma, na hawakumfundisha kuisoma. Kutojua kwake kukawa ndiyo kazi yao. Naona jambo hilohilo likianza, taratibu, katika taasisi za usonji, tena kwa watu wema. Mama aliyeanza kwa kutafuta shule ya mwanawe anakuwa mkurugenzi. Anaalikwa semina ya Dodoma, analipwa posho ya siku tatu, anakuwa sauti. Mwanawe yuko kwa shangazi. Miaka 15 baadaye mtoto ana miaka 22, kwenye bango bado ana 7, na chini ya picha kuna namba ya akaunti. Kwenye taasisi hiyo hayumo mwenye usonji hata mmoja mwenye kura, na akitokea anayejua kusema ataambiwa kwamba yeye si wa kweli, anasema vizuri mno.

Watu wa kanda hii hawahitaji kwenda Toronto kujua tofauti ya kusemewa na kusema. Waliiona kwa watu wenye ualbino. Wakati wa mauaji yao yaliyoshika kasi tangu mwaka 2007, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga, kila mtu aliwasemea: waandishi, wachungaji, mashirika ya Canada, Waziri Mkuu Pinda aliyelia bungeni Januari 2009. Waliyoyasema yalikuwa ya kweli na yalikuwa jambo moja, kwamba walindwe. Watoto wakakusanywa kwenye kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakalindwa kwa ukuta, na baadhi ya wazazi hawakurudi kuwachukua. Lakini tangu Aprili 2008 Al-Shaymaa Kwegyir alikuwa ameteuliwa kuingia bungeni, mwaka 2010 Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, wote wawili wenye ualbino, na chama chao chenyewe kilikuwa na miaka 30 ya kazi. Walipopata nafasi ya kusema wenyewe orodha ilirefuka: mafuta ya ngozi, kofia, miwani ya kusomea, mwalimu asimkalishe mtoto nyuma, saratani inayoua kimyakimya wengi ambao panga halikuwafikia. Moshi, hospitali ya KCMC, wakaanza kutengeneza mafuta ya kukinga jua papa hapa nchini. Anayesemewa huombewa uhai, na mwenyewe akipata nafasi huomba na vitu vingine vingi, baadhi vidogo.

Utaniambia mwenye ualbino ana ulimi wake na elimu yake, na kijana wa ukumbini hana. Kweli, na hapo ndipo mfano wangu unapokwama, sitaki kuusukuma. Wapo waliousukuma. Miaka ya 1990 ilienea Marekani, kutoka Australia, njia ya kumshika mkono mtu asiyesema ili aandike kwa kubonyeza herufi. Watu waliodhaniwa hawana lugha wakaandika mashairi, wazazi wakalia kwa furaha. Kisha watafiti wakafanya jaribio jepesi: mwenye usonji akaonyeshwa picha ya kitu kimoja, aliyemshika mkono akaonyeshwa picha nyingine bila ya kujua kuwa ni tofauti. Kilichoandikwa ni kile alichokiona mshika mkono. Wengi wao hawakuwa matapeli. Walitaka mno kumsikia yule mtu, wakajisikia wenyewe.

Kwa hiyo natilia mashaka kila anayesema amempa mwenye usonji sauti. Asiyetamka ana namna zake tayari: huchomoa waya, husukuma sahani, hukataa njia mpya ya malishoni, humvuta mama mkono mpaka kwenye mtungi. Zipo na kadi za picha ambazo mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anaweza kuchora kwa kalamu na boksi, na mtoto akaonyesha mwenyewe bila ya kushikwa mkono. Shughuli yote ni kuzichukua namna hizi kuwa ni kauli, kisha kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mjumbe fulani alikataa spika.

Na mama? Mama namwona kama shahidi, cheo ambacho kwangu ni kikubwa kuliko mwakilishi. Shahidi anasema alichokiona, mahali na saa. Mwaka 2006 jarida moja la kimataifa lilichapisha utafiti wa watoto wachache wa Tanzania ambamo baadhi yao dalili zilifuatia malaria kali. Habari ya mtoto aliyekuwa akitamka maneno kabla ya homa na baada yake asitamke tena haitoki kwenye darubini, hutoka kwa aliyekuwa naye nyumbani. Ushahidi wa namna hiyo hakuna wa kuufidia. Lakini shahidi huulizwa maswali, na hapewi kutoa hukumu. Mama akisema mwanangu alianza kujiuma mwaka ule tulipohamia mjini, namwamini moja kwa moja. Akisema mwanangu hataoa, hana haja ya kupiga kura, hana haja ya fedha mkononi, hapo ametoka kizimbani akakaa kwenye kiti cha hakimu.

Hayo si maneno ya hewani kwa kijana wa miaka 17. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake akiwa bado mtoto, haki ambayo sijui kama kuna aliyewahi kumwambia. Akitimiza miaka 18 sheria inamtoa mikononi mwa mama yake kwa siku moja, huku maisha yakimwacha palepale. Atahitaji kitambulisho cha NIDA, na kidole gumba ni chake. Katiba, ibara ya 5, inaruhusu sheria kumzuia mwenye ugonjwa wa akili asipige kura, na kwenye kituo cha kujiandikisha usonji na ugonjwa wa akili vitatofautishwa na karani aliyepewa mafunzo ya siku mbili. Kuna asilimia mbili ya mapato ya halmashauri kwa ajili ya mikopo ya watu wenye ulemavu. Fundi viatu anakwenda mwenyewe kuomba, kijana huyu atakwenda na nani, na mali itakayonunuliwa itaandikwa ya nani? Kuna kamati za watu wenye ulemavu ambazo sheria ya mwaka 2010 na kanuni zake zinazitaka kuanzia kijijini, na kama kuna kijiji cha Simiyu ambacho kamati yake ina mjumbe mwenye usonji, hata wa kukaa kimya na kutazama saa, ningependa kupanda basi kwenda kukiona.

Mkutano wa siku ile uliisha saa tisa na nusu. Walioalikwa kwa barua walipanga foleni ya kusaini karatasi ya posho. Kina mama walipewa soda na nauli. Nilimfuata yule mama nje, nikamwamkia, nikamuuliza kwa Kisukuma: mayu, huyu kijana kama angepewa nafasi ya kuzungumza mle ndani, angesema nini?

Akanitazama kama mtu anayepima kama swali limetoka kwa mwenye akili zake. "Sijui," akasema. "Mimi najua asichotaka."

Dereva wa bodaboda alikuwa ameshasogea. Mama akampungia mkono aende zake. Kijana hapandi pikipiki, akaniambia, kwa sababu ya mlio, na kwao ni mbele ya kiwanda cha pamba, kama kilomita nne. Yeye alikuwa ameshaanza kutembea, pembeni kabisa mwa barabara, bila ya kugeuka nyuma. Mama akaweka chupa tupu ya soda dirishani, akamfuata.